Usibandike Juu ya Vumbi



Wiki hii naomba tuongee habari za plastiki. Ndiyo, plastiki. Msinikimbie.

Sisi watu tunapenda sana kufunika vitu. Simu mpya haijatoka hata dukani, tayari imebandikwa protekta. Rimoti ya televisheni inakaa na nailoni yake miaka mitatu mpaka namba hazisomeki. Kuna nyumba ukikaribishwa kwenye sofa unakalia nailoni, na ukiinuka inakulilia. Gari linakuja kutoka Japani likiwa limeshatumika miaka kumi na tano, mwenyewe analivisha viti nailoni mpya "visichafuke". Silaumu. Mtu aliyehangaika kupata kitu ana haki ya kukitunza.

Sasa imeingia hii ya kubandika gari lenyewe. Mafundi wanaiita PPF, wengine wanasema tu protekta ya gari. Ni plastiki angavu inayonyumbulika, unene wake mikroni 150 hadi 200 hivi, yaani haifiki hata robo ya milimita. Unaibandika juu ya rangi, kwenye boneti, bampa, pembeni mwa milango, na ukiifanya vizuri mtu hajui kama ipo. Asili yake wala si magari. Ilianzia kwenye helikopta za jeshi la Marekani enzi za vita vya Vietnam, ili mchanga usile mapanga yake. (Tinti nyeusi ya vioo ni mada nyingine. Siku moja nitawaletea yule mchungaji wa Plato aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, tuone alifanya nini nayo.)

Kwetu Iringa mtu hahitaji kuelezwa faida. Ukifuata lori la Zambia kwenye barabara kuu, kokoto moja ikiruka, boneti inabaki na kidonda. Ukishika njia ya vumbi kuelekea Hifadhi ya Ruaha, ndiyo usiseme. Hata jina la misheni yetu kongwe, Tosamaganga, wazee wanasema kwa Kihehe ni kutupa mawe. Mawe tunayo.

Kwa nini nawaletea haya kwenye ukurasa wa tafakari? Kwa sababu Jumanne hii ya juma la 21 la Mwaka tunasoma Injili ya Mathayo 23, pale Yesu anapowaambia waandishi na Mafarisayo kwamba wanasugua kikombe na sahani kwa nje wakati ndani kumejaa unyang'anyi na kutokuwa na kiasi. Anamwambia Farisayo aanze na ndani ya kikombe, na nje nako kutakuwa safi. Kesho yake, Jumatano, anakuja na makaburi yaliyopakwa chokaa. Na mimi nimeona kanuni ya kwanza ya fundi wa kubandika gari inafanana sana na neno hilo, mpaka nikaona ni dhambi kukaa nayo peke yangu.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukiitazama kwenye video inaonekana ya dakika ishirini. Siyo. Kwanza unaosha gari kwa sabuni, halafu unaosha tena. Unatoa matone ya lami kwa dawa yake. Unasugua rangi kwa kipande cha udongo maalumu, unaofanana na ule wa watoto wa kuchezea, kwa sababu kuna chembe zimejichomeka kwenye rangi na sabuni haziwezi. Unafuta kwa spiriti. Unamulika taa kutoka ubavuni, maana taa ya kutoka juu inaficha. Kama sehemu imepakwa rangi mpya, mafundi wanashauri usubiri mwezi mmoja hivi kwanza, kwa sababu rangi mpya bado inapumua, na ukiiziba mapema inaumuka. Baada ya hapo ndipo unachukua chupa ya kupulizia yenye maji na matone machache ya shampuu ya mtoto, unalowesha boneti, unalowesha upande wa gundi, unalowesha na vidole vyako, unalaza plastiki, unaitelezesha mpaka ikae mahali pake, unakamua maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Ukiangalia saa, kubandika kwenyewe ni sehemu ndogo. Siku nzima imekwenda kwenye kuosha.

Na hali ya hewa inahusika. Juni na Julai asubuhi hapa kwetu plastiki inakakamaa kwa baridi, gundi haitaki kushika. Agosti baridi imepungua, lakini ndiyo upepo umeanza, na mnaujua upepo wa Iringa. Unafuta meza, unageuka kuchukua chai, ukirudi meza ina vumbi. Ndiyo maana mafundi wanafanyia ndani, na wanamwagia sakafu maji kwanza.

Usumbufu wote huo ni wa nini? Ni kwa sababu gundi haichagui. Ikikuta rangi safi, inalinda rangi safi. Ikikuta punje ya mchanga, inailinda punje ya mchanga kwa uaminifu ule ule. Na hapa naomba msome polepole: kabla hujabandika, ile punje ilikuwa rahisi kutoka. Mvua ingeitoa. Kitambaa kingeitoa. Mtoto anayepita akipitisha kidole angeitoa. Ukishabandika, hakuna kinachoifikia tena. Unaweza kuosha gari kila siku, ukapaka nta juu mpaka ling'ae kama kioo, na punje iko pale pale, imetunzwa vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hilo.

Kuna kijana mmoja wa umri wangu, tumekua wote katika jumuiya ndogo ndogo moja. Ameniruhusu nisimulie, jina nibaki nalo. Ana gari dogo, anachukua abiria wanaoshuka na mabasi ya usiku stendi ya Igumbilo na kuwapandisha mjini. Mwaka jana nikiwa likizo aliniita nimsaidie kubandika boneti. Alikuwa ameagiza plastiki Kariakoo, mzigo ukaja na basi. Fundi wa Dar alimtajia bei ambayo, kwa maneno yake, angeweza kununua boneti nyingine. Kwa hiyo akaamua kufanya mwenyewe, uani kwao Kihesa, Agosti, saa nane mchana. Mnaona tunakoelekea.

Alikuwa ameosha gari jana yake usiku. Nilipofika nikapitisha kidole kwenye boneti, kikatoka chekundu. Nikamwambia, "Kaka, hapa tufute tena, na tusogeze gari nyuma ya nyumba, upepo unapiga." Akanijibu, "Frateri, acha ufarisayo. Ndani ya plastiki haitaonekana." Gari ni lake. Nikashika upande wangu.

Ilionekana. Maji yalipokauka, boneti ilikuwa na vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Yeye akacheka, akasema kwa mbali haionekani. Halafu akanyamaza muda mrefu, akakaa kwenye ndoo aliyoipindua, na akaanza kuniambia jambo ambalo wala halikuhusu boneti.

Mama yake aliuza miti. Wa huku kwetu mnaelewa uzito wa sentensi hiyo. Kwa wengine niseme tu kwamba shamba la misindano kwa mama wa Kilolo au Mufindi ndiyo benki yake, ndiyo bima yake, ndiyo ada ya wajukuu. Aliuza miti yake ili mwanae apate gari. Hela haikutosha, kijana akajazia kwa mkopo, ule mnaouita kausha damu, na akaweka kadi ya gari rehani. Mama hakuambiwa. Riba ikaanza kukimbia. Akaona njia ya haraka ni kubeti, kila Jumamosi anaweka mkeka, kila Jumapili mkeka umechanika. Na katika miezi hiyo hiyo, ndugu zangu, ndiye aliyekuwa anaongoza rozari jumuiyani. Hakuwa anaigiza. Alikuwa anasali kweli, na machozi yanatoka kweli. Alining'iniza rozari kwenye kioo cha ndani, akabandika stika ya Mama Maria nyuma, akapeleka gari kwa padre likabarikiwa. Akaniambia, "Kila nilipoona deni limekaza, niliongeza sala. Lakini kwenye ungamo nilikuwa nasema nimekasirika, nimesengenya, nimechelewa Misa. Lile sikulitaja."

Nimeifikiria sentensi ile mwaka mzima. Alikuwa anabandika juu ya vumbi. Na plastiki aliyotumia ilikuwa nzuri. Ilikuwa rozari.

Nisieleweke vibaya hapo. Visakramenti ni vitu vitakatifu. Katekisimu (KKK 1670) inafundisha kwamba kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kupokea neema na kutuweka tayari kushirikiana nayo. Kwa hiyo rozari kwenye kioo, baraka ya gari, medali shingoni, vyote endelea navyo. Ila Katekisimu hiyo hiyo, namba 2111, inasema jambo gumu: ukitegemea tendo la nje tu la sala au la ishara takatifu, bila kujali moyo unaotakiwa uwe nao ndani, umeanguka kwenye ushirikina. Neno hilo sikulitunga mimi. Sisi tukisikia ushirikina tunawaza hirizi na mganga wa kule porini. Kanisa linasema hata kitu kitakatifu unaweza kukigeuza hirizi, na huhitaji kwenda porini, unaweza kufanyia kwenye benchi la tatu kanisani.

Sasa twende kwenye Zaburi ya 32, maana ndani yake kuna kitu ambacho wengi tunakipita. Mstari wa kwanza unamwita heri mtu ambaye dhambi yake imefunikwa. Imefunikwa! Kumbe kufunika ni kuzuri? Shuka mpaka mstari wa tano: mwimbaji anasema hakuuficha uovu wake, alimwambia Bwana, naye Bwana akaisamehe. Na katikati, mstari wa tatu, anaeleza hali yake alipokuwa amenyamaza: mifupa inachakaa, anaugua mchana kutwa. Kwa hiyo Zaburi moja ina mifuniko miwili. Nikifunika mimi, ninachakaa. Nikifunua mimi, Mungu ndiye anayefunika. Kazi ya kufunika ni yake, na mimi yangu ni ya kufunua. Rafiki yangu alikuwa amempora Mungu kazi.

Lakini swali la mtu aliyesoma falsafa haliishi hapo (mnivumilie, miaka ile mitatu lazima itumike mahali). Mungu anapofunika, anafunika vipi? Analaza plastiki angavu juu ya mchanga wangu, halafu anakubali kuangalia kwa mbali ambako hauonekani? Mtaguso wa Trento ulilijibu swali hili katika kikao cha 6, tarehe 13 Januari 1547: kuhesabiwa haki hakuishii kwenye maondoleo ya dhambi, kunatakasa na kumfanya upya mtu wa ndani. Yaani Mungu anasugua. Ule udongo maalumu anautumia yeye, na chembe zilizojichomeka anazitoa. Anachokifunika ni kitu ambacho tayari amekisafisha. Ndiyo maana Zaburi inaweza kuita kufunikwa huko heri, hakuna uongo ndani yake. (Na ninyi wa vyuo, mlio na marafiki Walutheri, na hapa Iringa nani hana? Msiende kuanzisha ligi na aya hii. Tarehe 31 Oktoba 1999 Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walisaini pamoja, pale Augsburg, tamko kuhusu kuhesabiwa haki. Lisomeni pamoja nao, mtajifunza wote.)

Mmoja ataniuliza: Frateri, mimi nimeungama yote, kwa kweli yote, lakini bado naona mapovu. Mawazo machafu yanarudi. Hasira inarudi. Kwa hiyo sikusafishwa?

Hili naomba nikae nalo, kwa sababu kuna vijana wanaumia nalo sana, na mara nyingi ni wale wazuri. Ukimaliza kubandika gari, siku za kwanza utaona mapovu. Asiye fundi anachukua sindano anaanza kutoboa. Fundi anayagusa kwanza kwa kidole. Povu la maji linasogea ukilibonyeza, ni laini, na lenyewe litakauka taratibu kwa siku kadhaa, jua likisaidia. Ukilitoboa umeharibu plastiki nzima kwa kitu ambacho kingeondoka. Punje ya mchanga haisogei. Ni ngumu chini ya kidole, na wiki ijayo iko pale pale, na mwezi ujao pia.

Kishawishi ni povu la maji. Wazo lililopita kichwani bila wewe kulikaribisha, kumbukumbu ya maisha ya zamani, ukavu kwenye sala baada ya kuongoka: hayo si dhambi, na wala si ushahidi kwamba ungamo lako halikushika. Wapo wanaorudi kuungama jambo lile lile lililokwisha kusamehewa mara tano, mara sita, wanajitoboa kila siku. Ndugu, acha likauke. Mwambie padre mmoja akufahamu, umsikilize yeye, usisikilize hofu yako. Lakini lile gumu, lile ambalo kila ukifanya utafiti wa moyo kidole chako kinalikwepa, lile unalijua mwenyewe. Sihitaji kukuandikia orodha. Ulipokuwa unasoma aya za juu limeshakuja kichwani.

Na mikwaruzo? Plastiki za kisasa nyingi zina ngozi ya juu inayojirudi. Mkwaruzo mwepesi, ukiacha gari juani au ukimwagia maji ya moto, unafutika wenyewe. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliwaza Ekaristi, maana Kanisa linafundisha kwamba Komunyo inahuisha mapendo yetu, na mapendo hayo hai yanafuta dhambi ndogo (KKK 1394). Basi usiikimbie Misa kwa sababu jana ulimjibu dada yako vibaya. Njoo juani. Lakini kokoto ikitoboa mpaka kwenye bati, jua lote la Iringa halizibi, na chini yake kutu inaanza. Kwa dhambi ya mauti kuna sakramenti yake, ya Kitubio, na namba inayofuata tu, 1395, inalisema wazi. Kijana anayepokea kila Jumapili akitumaini kwamba Komunyo zikiwa nyingi lile kubwa litajifuta bila kutajwa, anapaka nta juu ya kutu.

Kuna neno moja limebaki, lile la "mwenyewe". Kujibandikia mwenyewe. Kwenye gari ni ujasiri mzuri, na unaokoa hela. Hata hivyo boneti nzima huwezi peke yako, plastiki itajikunja na kujishika yenyewe kwa yenyewe. Lazima mtu wa pili ashike ule upande. Wiki hii tunaadhimisha mtu na mama yake: Mtakatifu Monika tarehe 27, Mtakatifu Augustino tarehe 28. Augustino alipambana miaka mingi na mafundisho ya Pelagio, mtawa kutoka Uingereza aliyefundisha kwamba mtu kwa nguvu ya hiari yake anaweza kuishi maisha mema hata bila msaada wa lazima wa neema. Mafundisho hayo yalikataliwa kwenye mtaguso wa Karthago mwaka 418. Afrika, jamani. Maaskofu wa Afrika ndio waliosimama. Na Augustino hakuwa anabishana kwa vitabu tu. Alijijua. Ameandika katika Maungamo, kitabu cha 8, jinsi alivyokuwa anamwomba Mungu usafi wa moyo huku akiomba usije haraka. Alijaribu mwenyewe, kwa akili zake zote nyingi, na akashindwa, mpaka mwaka 386 kule Milano alipoacha kujishikilia.

Pelagio wa leo haandiki vitabu. Anasema, "Nitaacha mwenyewe kwanza, nikishaacha ndiyo nitaenda kuungama." Nimesikia hiyo kwa wavulana wa kubeti, nimeisikia kwa wenye picha chafu kwenye simu, nimeisikia kwa dada aliyetoa mimba akiwa mwaka wa kwanza na sasa anasubiri "awe sawa" ndipo arudi kanisani. Dada yangu, kama unasoma: hakuna anayejiosha kwanza ndipo aende kuoga.

Yule rafiki yangu aliungama kabla Agosti ile haijaisha. Alichosema humo sikijui, na hakuna atakayejua. Siri ya ungamo haina tobo. Ninachojua ni alichonieleza mwenyewe baadaye, kwamba padre alimwambia msamaha umeondoa dhambi, ila deni la mama lipo na linadai ukweli. Ndivyo Kanisa linavyofundisha (KKK 1459): aliyedhuru anapaswa kurekebisha kadiri inavyowezekana. Akaenda kwa mama. Alimsimulia jikoni, mama anachambua maharage. Mama hakulia na hakupiga kelele. Aliuliza, "Riba ni ngapi kwa mwezi?" Akaendelea kuchambua. Wiki iliyofuata akaita mjomba, wakaenda wote watatu kwa mkopeshaji kuomba kadi ikae palepale lakini riba isimame, na walikubaliana nusu. Deni lingine bado analilipa hadi leo. Siwadanganyi kwamba mambo yalinyooka. Anasema anachoona tofauti ni kwamba usiku simu ikilia haruki.

Sasa wewe. Parokia nyingi kitubio kinakuwepo Jumamosi jioni au kabla ya Misa. Ratiba ipo kwenye ubao wa matangazo, na kama haipo mwulize katekista. Ukiona aibu kwa paroko anayekufahamu, mjini makanisa ni mengi, panda daladala. Kaa dakika kumi kwanza, umulike moyo kwa taa ya ubavuni. Ukiingia, lile unalopanga kulisema mwisho, kwa haraka, katikati ya mengine madogo, lianze nalo. Mtakatifu Yeronimo alishasema kwamba mgonjwa akiona haya kumwonyesha tabibu kidonda, dawa haiponyi isichokijua. Na kama ulimi unagoma kabisa, mwambie padre hivi tu: "Baba, kuna jambo moja naogopa kulisema, naomba unisaidie." Atakuuliza taratibu. Wamezoea, na hawashtuki.